Si kila ‘deadline’ ni makataa
Wasomaji huniuliza iwapo neno la Kiingereza ‘deadline’ ni makataa kwa Kiswahili. Jibu langu: inategemea.

Neno lenyewe lina historia ya damu. Mnamo 1864, Marekani ikipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika gereza la Andersonville jimboni Georgia ‘deadline’ ulikuwa mpaka ndani ya ua. Mfungwa akiuvuka, walinzi wanampiga risasi. Baadaye wanahabari wakaliazima kwa maana ya saa ya mwisho ya kuwasilisha habari. Makali yakapungua. Siku hizi mtu akichelewa anaomba kuongezewa siku, basi!

Makataa bado yana makali. Ni uamuzi wa mwisho, mtu akishakata shauri: ‘Walimu wametoa makataa ya siku saba, wasipolipwa, watagoma.’ Pana onyo hapo. Ila mwanafunzi anayetakiwa kuleta insha Ijumaa, huyo amepewa tarehe ya mwisho tu.

Kwa hivyo ‘makataa yameongezwa’ ni kauli inayojipinga. Kilichoongezwa ni muda. Tukiita kila tarehe makataa, walimu wale watatumia neno gani ili waaminiwe?