Mtoto Anapobeba Siri ya Pombe

Zahanati tunawaona watoto wanaoumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Tunapima choo na mkojo, hatuoni ugonjwa. Tukiuliza taratibu ndipo tunasikia: Jumapili baba alirudi amelewa, mama na watoto wakalala kwa jirani.

Mama mpendwa, mtoto wa mlevi hulala akisikiliza mlango. Mkubwa hugeuka mlezi wa wadogo zake. Mwingine huanza tena kukojoa kitandani. Mwingine hushindwa masomo au huwa mkorofi. Wengi huamini kwamba wao ndio chanzo. Nasi tukiwaambia, "Baba ana malaria," tunawafundisha kutoamini macho yao wenyewe.

Tufanye nini? Tumwambie mtoto ukweli kwa maneno mepesi: "Pombe imemshinda baba. Si kosa lako, wala huwezi kumponya." Tumwonyeshe nyumba ya kukimbilia usiku, kwa shangazi au jirani. Saa ya kula, kulala na kusali isibadilike. Tusimtume kamwe kununua gongo. Kisha twende kwa daktari na kwa mchungaji, aibu isitufunge midomo. Mtoto asingoje baba aache pombe ndipo naye apate usingizi.