Wawili Waliokataliwa Wakashinda Pamoja

Wazee wa upande wa Gatuanyaga, karibu na Thika, waliokata mkonge katika mashamba ya walowezi, hawahitaji kuelezwa maana ya kutoa jasho katika ardhi ya mtu mwingine. Maisha kama hayo ndiyo waliyoyajua wazazi wa Bibi Althea Gibson huko South Carolina, Marekani. Walilima pamba, na mavuno yakagawanywa na mwenye shamba. Binti yao alizaliwa tarehe 25 Agosti, 1927. Alipokuwa mdogo jamaa yake ilihamia Harlem, mtaa wa watu weusi katika jiji la New York, na huko barabarani ndiko alikoanza kupiga mpira kwa kibao.

Akakua, akawa bingwa wa tenisi miongoni mwa watu weusi. Lakini mashindano makubwa ya taifa yalikuwa ya weupe tu, hata mwaka 1950, Bibi Alice Marble, Mzungu aliyekuwa bingwa zamani, alipoandika gazetini kuwakemea wakubwa wa mchezo huo. Mwaka ule ule Gibson akaruhusiwa kuingia, mtu mweusi wa kwanza.

Kuingia mlangoni si kukaribishwa. Tenisi huchezwa na mtu mmoja kwa mmoja, au wawili kwa wawili. Wanapocheza wawili kila upande, upana wa uwanja huongezwa kutoka futi 27 hadi futi 36, na hakuna awezaye kuulinda peke yake. Mmoja akikimbilia wavu, mwenziwe hutazama nyuma. Kwa hiyo mchezaji, ajapokuwa hodari namna gani, asipopata mwenzi hukaa nje akitazama.

Mwenzi aliyepatikana alikuwa Bibi Angela Buxton, Mwingereza aliyezaliwa Liverpool mwaka 1934. Yeye alikuwa Myahudi, na siku zile vilabu vingi vya tenisi vya Uingereza havikuwataka Wayahudi. Hao wawili walifahamiana huko India mwaka 1955, na mwaka uliofuata wakakubaliana kucheza pamoja.

Katika mashindano ya Ufaransa ya mwaka 1956 Gibson alimshinda Buxton katika nusu fainali ya mmoja mmoja, kisha wakasimama upande mmoja wa wavu na kutwaa ubingwa wa wawili wawili. Mwezi Julai wakashinda tena Wimbledon, wakiwafunga Bibi Fay Muller na Bibi Daphne Seeney wa Australia, 6-1, 8-6.

Ushirika wao uwanjani haukudumu. Buxton aliumia kifundo cha mkono, akaacha mashindano angali kijana. Gibson aliendelea: mwaka 1957 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa mmoja mmoja Wimbledon, akapokea tuzo mkononi mwa Malkia Elizabeth. Ubingwa wa wawili wawili aliutwaa tena mwaka 1957 pamoja na Bibi Darlene Hard wa Marekani, na mwaka 1958 pamoja na Bibi Maria Bueno wa Brazil.

Lakini sifa hazinunui unga. Siku hizo mashindano hayo hayakuwa na zawadi ya fedha. Katika miaka ya 1990 bingwa huyo alikuwa mgonjwa na maskini, hana fedha za kodi wala za dawa. Alimpigia simu mwenzi wake wa zamani. Buxton alitoa fedha zake mwenyewe, kisha akapeleka habari katika gazeti la tenisi, na michango ikamiminika kutoka nchi nyingi.

Gibson alifariki tarehe 28 Septemba, 2003, na Buxton mwaka 2020. Vikombe walivyoshinda pamoja vilikuwa vya mwaka mmoja tu. Usuhuba wao ulipita miaka 40. Wahenga walisema kweli: kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu amchague mwenzi wake kwa uangalifu, kwa maana siku ya kumhitaji huenda ikaja baada ya mchezo kwisha na watazamaji kwenda zao.