Mega za Saa 24, Antena ya Saa Sita

Ukiuliza intaneti ya nyumbani huku Masisi, Kivu Kaskazini, utaonyeshwa simu iliyoegemezwa dirishani. Hapo ndipo rezo inapofika. Baba anasikiliza ujumbe wa sauti wa ndugu yake aliye Goma, binti anatafuta maelezo ya somo lake, mdogo wao anaomba aonyeshwe mabao ya jana, na wote wanakula mega za simu moja. Zikiisha kabla ya jua kuzama, lawama zinaanza: kwa muuza yunite, kwa kampuni, kwa serikali, kwa milima.

Nimekaa kwenye kabini nyingi za kuuzia yunite kati ya Sake na Nyabiondo, na nimezungumza na ndugu waliokimbia kutoka Walikale, nikasikia madai yale yale. Mengine ni kweli tupu, mengine hayana mguu wa kusimamia. Nayapima hapa kwa sababu mtu anayetoa pesa ya maharagwe kununua mega ana haki ya kujua amenunua nini, na akikasirika, amkasirikie anayestahili.

"Kijana wa kabini amekula mega zangu."
UONGO, karibu kila mara.

Asubuhi moja mama mmoja aliingia kabini, kikwembe kimekazwa kiunoni, simu mkononi. "Mwanangu, jana umenitilia mega mia. Leo hakuna hata moja. Umezipeleka wapi?" Kijana akamjibu kwa adabu: "Mama, nikishazituma kwako sina njia ya kuzirudisha." Alisema kweli. Tukaifungua simu ya mama pale inapoonyesha matumizi. Video tatu za kwaya, zilizotumwa kwenye kundi la kanisa, zilikuwa zimejipakua zenyewe usiku, pamoja na picha za harusi nzima. Mama hakuwa amefungua hata moja.

Hesabu yake ni hii. Video ya kawaida ya simu, ikija kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, inakula megabaiti 7.5 kila dakika, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Mega 100 hazifikishi robo saa. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwenye WhatsApp, kwa upande mwingine, hauli hata mega moja. Hapo hapo pana mtego wa pili: kasi hutangazwa kwa megabiti, lakini mega tunazonunua ni megabaiti. Aliyeahidiwa 8 kwa sekunde atapokea 1.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzuie picha na video zisijipakue zenyewe. Zuia pia programu kujisasisha bila ruhusa yako. Na mega zikikaribia kuisha, zima data, maana kwenye laini nyingi simu haisimami: inaendelea kuchota yunite zako za kawaida kwa bei iliyo juu zaidi. Yule mama alipofanya hivyo, mega zake mia zilimfikisha jioni ya siku ya pili.

"Bei ya mega haijapanda."
KWELI kwa dola. UONGO mfukoni.

Dai hili linatoka kwa wauzaji, na linauma kuliko yote. Katika Kongo yunite moja ni senti moja ya dola ya Marekani: yunite 100 ni dola 1. Bango linaweza kukaa miaka mitatu bila kubadilishwa tarakimu hata moja. Lakini mwalimu analipwa franka, muuza mihogo anauza kwa franka, na mpagazi anahesabiwa franka mkononi. Mwaka 2021 dola 1 ilibadilishwa kwa karibu franka 2000. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2800. Yunite zile zile 100, bango lile lile, na mnunuzi akatoa franka 800 zaidi. Hakuna aliyetangaza kupandisha bei, kwa hiyo hakuna wa kumlalamikia. Ongeza kodi ya TVA ya asilimia 16, ambayo mnunuzi huilipa bila kuiona kwa sababu imekwisha kufichwa ndani ya bei.

Je, ni ghali? Tuchukue kipimo kisicho chetu. Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kufikia 2025 intaneti ya kuanzia isigharimu zaidi ya asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Mwenye kupata dola 50 kwa mwezi, asilimia hiyo ni dola 1 tu. Kwa mwezi mzima. Huku kwetu yunite mia ni za siku chache, na wengi hawaioni dola 50.

"Serikali ilikuwa inatukata yunite kimya kimya."
KWELI.

Anayekuambia ulikuwa unaota, mkumbushe RAM, ile daftari ya kuandikisha simu iliyoanza kutozwa Septemba 2020. Simu ndogo ya kubonyeza ilidaiwa dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G au 4G dola 7, na deni likakatwa vipande sita. Mwenye simu kubwa aliyetia yunite 200 aliona 117 zimeondoka kabla hajapiga namba yoyote. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kupambana na simu bandia na za wizi. Wananchi walipiga kelele, wabunge wakapiga kelele, na mwaka 2022 ikaondolewa. Naitaja kwa kirefu kwa sababu watu wengi wa vijijini hawakuwahi kuelezwa, wakabaki wakigombana na kijana wa kabini. Naitaja pia kwa sababu inaonyesha kwamba lalamiko lililopazwa na wengi, kwa jina sahihi na kwa mlango sahihi, lilisikika.

"Simu ikiandika 4G, intaneti ni ya kasi."
UONGO.

Alama hiyo inaeleza kipande kimoja tu cha safari, kutoka simu yako hadi antena. Nyuma ya antena kuna safari nyingine ndefu usiyoiona. Sahani za mawimbi zinarushiana data kutoka kilima hadi kilima mpaka mjini, au antena inapandisha kila kitu kwenye setilaiti iliyo juu karibu kilomita 36000. Setilaiti hiyo ikitumika, kila ombi na jibu lake husafiri jumla ya kilomita 144000 hivi, na hata mwanga unahitaji karibu nusu sekunde kuumaliza mwendo huo. Ndiyo maana kwenye simu za namna hiyo watu hukatana maneno.

Hata ikifika Goma, safari haijaisha. Pwani ya Kongo iko Muanda, karibu kilomita 2000 kutoka Goma kwa mstari ulionyooka. Bahari ya Hindi iko karibu zaidi, kwa hiyo Goma inaunganishwa na dunia kwa nyaya zinazopita nchi jirani kuelekea Mombasa na Dar es Salaam. Waya ukikatika baharini huko, kama EASSy na Seacom zilivyokatika tarehe 12 Mei 2024, nchi nyingi za Afrika Mashariki hulemewa kwa pamoja. Mtu wa Masisi yuko mwishoni kabisa mwa bomba hilo. Akipewa lami mlangoni huku madaraja yote ya nyuma ni ya miti, hawezi kukimbia.

"Bila mega huwezi kutuma pesa kwa simu."
UONGO. Namba fupi za nyota na alama ya reli hazitumii intaneti. Zinapita kwenye rezo ya kawaida, hata kwa simu ya kubonyeza, hata mega zikiwa sifuri. Tangu benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, familia nyingi zimeishi kwa njia hiyo. Usimruhusu mtu akuuzie mega kwanza eti ndipo pesa yako itoke.

"Starlink ni marufuku Kongo."
Ilikuwa KWELI. Sasa UONGO.

Machi 2024 mdhibiti wa mawasiliano, ARPTC, alitoa onyo kwamba Starlink haina kibali, na jeshi lilikuwa na wasiwasi kwamba waasi wangeitumia. Mei 2025 kibali kilitangazwa. Setilaiti zake zinaruka chini, karibu kilomita 550, ndiyo sababu haina ule ucheleweshaji wa nusu sekunde. Milima haiisumbui sana mradi sahani ione anga, jambo ambalo chini ya miti ya Walikale si rahisi.

Lakini anayesema imekuja kumkomboa mkulima wa Mweso hajafanya hesabu. Kuna bei ya kifaa, kuna malipo ya kila mwezi, vyote kwa dola, kuna sola na betri za kukiendesha, na katika eneo la vita kuna hatari ya kuonekana una chombo ambacho wenye bunduki wanakitaka au wanakishuku. Itawafaa hospitali, shule, mashirika, labda watu kumi wakichanga kwenye kabini moja. Kwa nyumba moja moja, bado.

"Simu zinatengenezwa kwa madini yetu, kwa hiyo kampuni zinatudai kidogo."
UONGO, ingawa lalamiko lililo ndani yake ni la haki. Koltani ya Rubaya, hapa Masisi, hutoa tantalamu ya kuhifadhi umeme ndani ya simu, na bati la Bisie, huko Walikale, ni la aina ile inayounganisha vipande vya saketi. Hakuna mahali popote katika bei ya mega ambapo jambo hilo linahesabiwa. Vijana wanaochimba Rubaya wananunua mega kwa bei ya kila mtu.

"Tatizo letu ni milima."
NUSU KWELI, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike.

Mawimbi ya simu hupenda mstari ulionyooka. Masisi ina vilele vinavyopita mita 2000, na antena iliyo juu ya kilele inaona mbali. Kijiji kilicho bondeni nyuma ya mlima kinabaki kivulini, hata kama antena iko karibu. Ndiyo maana kila kijiji kina kilima chake cha kupigia simu, na jioni utawaona watu wamesimama pale wakiinua mikono. Walikale ni habari nyingine. Ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 20000, msitu mzito, watu wametawanyika. Kwenye uwanda mtupu antena ya kawaida ya 2G inaweza kufikia kilomita 35, lakini majani yenye maji yanakunywa mawimbi, na eneo hilo linapungua sana. Kujenga antena kwa ajili ya watu wachache kama hao, kampuni inapima faida yake na kuahirisha.

Basi mlima ni kweli, na msitu ni kweli. Ila mlima hauondoki usiku ukarudi mchana. Rezo inaondoka. Antena nyingi za huku hazina umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa. Zinaishi kwa sola, betri na jenereta. Mazuti yanapanda kwa bidoni juu ya pikipiki, kwenye barabara ambayo mvua inaigeuza uji na vizuizi vya watu wenye silaha vinakula pesa. Vita vikisogea, kama vilivyofika Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi, fundi hapandi tena kilimani. Betri zinaisha, antena inalala.

Sasa tazama mega. Niliwahi kununua mega za saa 24, saa kumi jioni. Kampuni siitaji. Saa mbili usiku antena ikazimika. Ikarudi kesho yake saa nane mchana. Saa kumi ujumbe ukaingia: muda wa mega zako umekwisha. Nilikuwa nimepata saa 6 za rezo kwa bei ya saa 24, na mega zaidi ya nusu zilikuwa bado hazijaguswa. Mtu wa Goma aliyenunua kifurushi hicho dakika hiyo hiyo, kwa bei hiyo hiyo, alikitumia usiku kucha. Bidhaa ni moja kwa jina tu.

Hilo si la milima wala la kijana wa kabini. Ni sharti lililoandikwa na mtu ofisini, na mtu ofisini anaweza kulifuta. Mitambo ya kampuni inajua antena ipi ilizimika saa ngapi. Hainiingii akilini kwamba inashindwa kuongeza muda kwa simu zilizokuwa chini yake. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 inazungumzia huduma kwa wote, na ARPTC ndiyo yenye kazi ya kumlinda mnunuzi. Walio katika maeneo yanayoshikiliwa na waasi wa AFC/M23 wataniambia Kinshasa iko mbali. Iko mbali, lakini kampuni ni zile zile na vibali vyao ni vya Kinshasa.

Ninaloomba ni dogo. Kila kabini iweke daftari moja. Iandikwe tarehe, saa antena ilipozimika, saa iliporudi, na mega zilizokufa katikati bila kutumika. Majina ya watu si lazima. Baada ya miezi mitatu, nakala ziende kwa kampuni, kwa ARPTC na kwa wabunge wa Kivu Kaskazini, zikiwa na ombi moja tu: saa ambazo antena imelala zisihesabiwe kwenye mega za mtu.