Je, Wajua? Boxer, TVS na Ndugu Zao wa Italia

Kijiweni Buzuruga, Mwanza, ubishi wa Simba na Yanga ukipoa unaanza wa pikipiki. Wa Boxer wanadai hakuna kinachopanda mlima wa Bugando kama boksa. Wa TVS wanajibu kwamba boksa inasifiwa kwa mazoea tu, na kwamba mwenye akili anaangalia mafuta yanavyokwenda mpaka jioni, maana hesabu ya bosi haisubiri. Mwenye SanLG anasikiliza kimya, anajua zamu yake ya kuchekwa inakuja. Ubishi wa namna hiyo, kwa pikipiki ambazo bei yake hapa inajenga nyumba, Waitaliano wanao tangu babu zao: Ducati au MV Agusta? Moto Guzzi au Gilera? Na ukifuatilia nasaba, wa kule na wa Buzuruga wanakutana mahali.

Je, wajua kwamba Boxer imetoka kwenye nyumba iliyojifunza kazi kwa Vespa? Kampuni ya Bajaj ya India ilianza kwa kuagiza bidhaa za watu na kuziuza. Mwaka 1959 ikapata leseni ya serikali ya nchi yake kutengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa na Piaggio ya Italia kuunda Vespa. Mkataba huo ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wahindi walikuwa wameshaiva. Wakatoa skuta yao wenyewe, Chetak, ambayo ukiitazama kwa mbali utaapa ni Vespa. Baadaye, katika miaka ya 1980, wakashirikiana na Kawasaki ya Japani, na huko ndiko kulikotoka pikipiki walizoziita Boxer.

Bajaji nayo ina asili hiyo hiyo. Mwaka 1948 Piaggio walichukua skuta yao, wakaifunga ekseli ya magurudumu mawili nyuma na kitanda cha mizigo, wakaiita Ape. Aliyeichora ni Corradino D'Ascanio, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amechora Vespa yenyewe. Leo Piaggio wana kiwanda cha Ape huko Baramati, katika jimbo la Maharashtra, jimbo lile lile lenye makao ya Bajaj. Yaani mwalimu amehamia mtaani kwa mwanafunzi wake na wanagombania wateja.

D'Ascanio mwenyewe hakuzipenda pikipiki. Alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na aliona pikipiki ni chombo kichafu: cheni inakuchafua suruali, injini inakuunguza mguu, na tairi likipasuka unahangaika nusu siku. Basi akaificha injini kwenye bodi, akaiondoa cheni, akaacha nafasi katikati ili mtu aingie bila kutanua miguu, na gurudumu la mbele akalishikiza upande mmoja tu, kama magurudumu ya ndege yanavyoshikizwa. Faida ya mawazo hayo inaonekana vizuri Unguja, ambako Vespa bado ina wapenzi wake: mzee anatoka msikitini na kanzu yake nyeupe, anakaa, anaondoka, na kanzu haijapata hata doa la grisi. Kwa boksa hilo halijaribiki.

Na si Piaggio peke yao waliotoka angani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Italia ilikatazwa kuunda ndege, kwa hiyo ukoo wa Agusta, wenye kiwanda cha ndege, ukageukia pikipiki ili mafundi wasikose kazi. Hapo ndipo ilipozaliwa MV Agusta, mwaka 1945. Moto Guzzi ni wakubwa kwa umri. Walianza mwaka 1921. Vijana watatu waliokutana katika kikosi cha anga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walipanga kwamba amani ikirudi wataunda pikipiki: Carlo Guzzi angezichora, Giorgio Parodi angetafuta mtaji, na rubani Giovanni Ravelli angezipeleka mashindanoni. Ravelli akafa katika ajali ya ndege mwaka 1919. Wenzake wakaweka tai mwenye mabawa kwenye nembo kumkumbuka, na tai huyo yupo kwenye tangi la kila Guzzi hadi leo.

Guzzi, kama sisi, ni watu wa ziwani. Kiwanda kiko Mandello del Lario, ukingoni mwa Ziwa Como, na hakijahama tangu siku ya kwanza. Mwaka 1950 walijenga humo handaki la upepo, ambamo pikipiki husimamishwa na kupulizwa ili kuona jinsi hewa inavyoisumbua. Ila mtu wa Mwanza asitishwe na neno ziwa. Como lote lina kilomita za mraba 146 hivi. Kisiwa cha Ukerewe peke yake ni kikubwa kuliko ziwa hilo.

Ducati ndio hawakuanza na ndege. Mwaka 1926, mjini Bologna, walianza kwa kutengeneza vifaa vya redio. Walipoingia kwenye magurudumu, mwaka 1946, hawakuleta pikipiki, walileta kiinjini kidogo kiitwacho Cucciolo cha kufunga kwenye baiskeli ya kawaida. Usukumani, ambako baiskeli imebeba pamba, maji, wagonjwa na maharusi, bidhaa kama hiyo isingehitaji tangazo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mwishoni mwa msimu wa 1957 kampuni za Gilera, Moto Guzzi na Mondial zilikubaliana kujitoa katika mbio za ubingwa wa dunia kwa sababu gharama zilikuwa zinawamaliza. MV Agusta nao walikubali. Wenzao walipokwisha kutoka, MV wakabadili mawazo, wakabaki peke yao uwanjani. Matokeo yake: kuanzia 1958 hadi 1974 kila bingwa wa dunia wa daraja la juu, lile la cc 500, alikuwa juu ya MV Agusta. Miaka 17 mfululizo. Mashabiki wao hupenda kuitaja namba hiyo. Habari ya namna walivyobaki peke yao huwa wanaipitia haraka.

Mmoja wa mabingwa hao alikuwa mtoto wa Afrika kwa malezi. Gary Hocking alizaliwa Wales, akakulia Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, na mwaka 1961 akatwaa ubingwa wa cc 350 na wa cc 500 kwa mpigo, yote kwa MV. Mwaka uliofuata rafiki yake Tom Phillis alikufa katika mbio za Kisiwa cha Man. Hocking akasema basi, akaacha pikipiki akiwa bado kijana, akaingia mbio za magari kwa kuamini ni salama zaidi. Desemba ya mwaka huo huo wa 1962 akafa kwenye mazoezi ya gari karibu na Durban.

Giacomo Agostini yeye aliishi kuhesabu vikombe. Ana ubingwa wa dunia mara 15, na 13 kati ya hizo ni za MV Agusta. Mbili zilizobaki ndizo zilizowachoma Waitaliano, kwa sababu alihamia Yamaha na kuzipata huko, mwaka 1974 na 1975.

Yamaha ni jina ambalo Mwanza linasikika zaidi majini kuliko barabarani. Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi, mitumbwi ikiwa imeegeshwa, uangalie mashine zilizoinuliwa nyuma. Rangi imebabuka kwa jua, mfuniko umefungwa kwa mpira wa tairi, lakini nembo bado inasomeka: duara, na ndani yake uma tatu zimepishana. Wengi hudhani ni spoki za gurudumu au panga la boti. Ni uma za kupimia sauti, zile ambazo fundi wa vinanda hugonga ili ajue kama noti iko sawa. Torakusu Yamaha alianza mwaka 1887 kwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule, na kampuni ikaishi kwa muziki kwa miongo mingi kabla ya kujitenga kwa Yamaha ya injini mwaka 1955. Uma zikabaki kwenye nembo. Mvuvi wa dagaa anakwenda Ukara na alama ya kinanda mgongoni mwa mtumbwi.

Na je, wajua kwamba mwendesha pikipiki wa Italia maarufu kuliko wote wa zama hizi alishindwa na pikipiki ya kwao? Valentino Rossi, bingwa wa dunia mara tisa, alipata saba kati ya hizo kwa Honda na Yamaha za Wajapani. Mbili za mwanzo, kwenye madaraja madogo, ndizo alizopata kwa Aprilia ya Italia. Mwaka 2011 akahamia Ducati na nchi nzima ikasimama kushangilia. Misimu miwili ikapita asishinde hata mbio moja, akarudi Yamaha. Wakati huo Mwaustralia, Casey Stoner, alikuwa amekwisha kuipa Ducati ubingwa mwaka 2007. Waitaliano walingoja hadi 2022, Francesco Bagnaia alipotwaa ubingwa wa daraja la juu akiwa juu ya Ducati. Mwitaliano wa mwisho kufanya hivyo kwa pikipiki ya Italia alikuwa Agostini huyo huyo, mwaka 1972. Nusu karne.

Tumwonee huruma sasa wa SanLG. Pikipiki nyingi za Kichina zilizofungua biashara ya bodaboda kwetu, SanLG, Toyo, T-Better na wenzao, injini zao zinafuata mchoro wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi zetu kwa makusudi. Waligundua kwamba injini zao nzuri zilikuwa zinakufa mapema kwa sababu wapandaji hawabadilishi oili kwa wakati, basi wakarudi nyuma kiufundi: wakaacha cheni ya taimingi na kutumia fimbo za kusukuma vali, mtindo wa zamani lakini unaovumilia kutotunzwa. Ndiyo maana chini ya mwembe Nyakato unamkuta fundi amepiga magoti, amefungua kifuniko cha juu cha injini kwa spana moja, anapenyeza kipande cha wembe kati ya vali na roka, anakivuta, anasikilizia ugumu wake kwa vidole, anakaza nati, anafunga. Dakika kumi, na abiria amesubiri.

Kwa Ducati jaribio hilo lingeishia machozini. Tangu 1956 mhandisi wao Fabio Taglioni alipoleta mfumo wa kuifunga vali kwa mkono wa chuma badala ya kuiachia springi, pikipiki zao nyingi zimekuwa na kazi maradufu kila zinapofika muda wa kurekebishwa: kuna kipimo cha kufungua na kipimo cha kufunga. Wenye Ducati Ulaya huzungumzia bili ya kazi hiyo kwa sauti ile ambayo sisi huzungumzia ada za shule.

Lakini kinachochekesha zaidi katika ushabiki wote huu kiko maofisini, si barabarani. Moto Guzzi, Gilera na Aprilia, ambao wapenzi wao hawasalimiani, wote ni mali ya Piaggio. Ducati, fahari ya Bologna, tangu 2012 iko chini ya Audi ya Ujerumani. TVS mwaka 2020 waliinunua Norton, chapa ya Kiingereza iliyoanzishwa 1898, kwa hiyo yule kijana wa TVS pale kijiweni ana ukoo wenye historia ndefu kuliko Guzzi. Na Bajaj? Tangu 2007 walikuwa wananunua hisa za KTM ya Austria kidogo kidogo, mpaka wakakaribia nusu. KTM nao mwaka 2022 wakaingia MV Agusta, na mwaka 2024 wakachukua sehemu kubwa. Kwa miaka kama miwili, basi, MV Agusta ya Agostini ilikuwa na undugu wa hisa na Boxer ya Buzuruga. Undugu huo ulivunjika mwaka 2025, KTM walipozidiwa na madeni na kuiachia MV, na aliyeleta fedha za kuwanusuru KTM alikuwa Bajaj. Faida ya boksa zinazopigwa kiki kila alfajiri kutoka Igoma hadi Kampala ilikuwa na mchango wake humo.

Mwafrika amekwisha kuifaidi ndoa ya Bajaj na KTM. Juni 2023, kwenye uwanja wa Mugello nchini Italia, mbele ya umati uliovaa nyekundu ya Ducati, Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa akienda kilomita 366.1 kwa saa juu ya KTM, kasi kubwa kuliko zote zilizokuwa zimewahi kupimwa kwenye MotoGP, daraja la juu la leo la ubingwa wa dunia, hadi siku hiyo. Tumpigie hesabu kwa kipimo cha kwetu. Daraja la JPM kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, lina kilomita tatu. Boksa ikienda 60 kwa saa inalimaliza kwa dakika tatu. Binder angelimaliza kwa sekunde 30, halafu angekutana na trafiki upande wa pili. Pikipiki za MotoGP hazina taa ya mbele, hazina vioo vya pembeni na hazina namba ya MC. Faini ya pikipiki ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kila kosa, kwa hiyo kabla mwendokasi haujatajwa, bingwa angekuwa anadaiwa 30,000.