Mtoto Anapofikishwa Mbele ya Sheria

Mwana ni amana ya Mwenyezi Mungu, na pia ni mtihani. Mtihani huo huzidi uzito siku mzazi apigiwapo hodi akaambiwa: mwanao yuko kituoni.

Hayo yalimfika mzee mmoja wa hapa kwetu Ngara. Mwanawe, mwenye miaka 15, tulimsomesha Juzuu Amma, kisha akaacha chuo, akafuata wenzake wa vijiweni pale Benako, palipo na malori yaendayo Rusumo. Mwisho alivunja duka akaiba simu.

Usiku ule mzee alitujia na shauri mbili. “Maalim, nitauza ng’ombe niwape watu kitu, jambo lifunikwe. Likishindikana, huyu si mwanangu tena.”

Tulimjibu kuwa zote mbili si njia. Rushwa humfundisha mtoto kwamba haki yanunuliwa, nayo humdhulumu mwenye duka, ambaye ni jirani. Na kumkana mtoto ni kumkabidhi kwa wale wale waliompoteza.

Yatupasa tukumbuke Hadithi aliyoipokea Bukhari, ya mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba zama za kufunguliwa Makka. Usama bin Zayd alimwombea, naye Mtume (s.a.w.) akaikataa shufaa ile, akieleza kuwa hata bintiye Fatima asingeachiliwa. Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwanamke yule alitubia, akaolewa, na akawa akienda kwa Bibi Aisha (r.a.), naye humfikishia Mtume haja zake. Haki ilitimizwa, na mlango haukufungwa.

Tena wazazi wajue sheria ya nchi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, nayo yakataza ahukumiwe kifungo cha gerezani. Kesi yake husikizwa faraghani katika Mahakama ya Watoto, pamoja na afisa ustawi wa jamii, na mzazi ana haki ya kuwapo. Mahakama yaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya.

Mzee alikwenda, akaketi karibu na mwanawe. Ng’ombe aliuzwa kweli, ila fedha zilimlipa mwenye duka. Kijana aliwekwa chini ya uangalizi. Alipotoka alituambia: “Nilidhani baba hatakuja.”

Enyi wazazi wa Ngara na Biharamulo, hata mtoto akipelekwa mbali, mfuateni kwa salamu, kwa ziara na kwa dua. Baba asimtupie mama lawama, wala mama baba. Nabii Nuhu (a.s.) hakuacha kumwita mwanawe mpaka wimbi lilipowatenga.

Mwenyezi Mungu atuongolee watoto wetu, atupe na subira njema. Amin.