Upasuaji wa Fizi: Fursa ya Kuliokoa Jino Kabla ya Kuling'oa

Jino linapoanza kutikisika, wananchi wengi huamini kuwa tiba iliyobaki ni kuling'oa. Imani hiyo huwagharimu baadhi yao meno ambayo yangeweza kuokolewa. Ugonjwa wa fizi una hatua zake, na kabla ya kufikia hatua ya mwisho yapo matibabu, yakiwemo ya upasuaji, yanayoweza kulibakiza jino mahali pake.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Chanzo chake kikuu ni ukoga, yaani utando wa bakteria unaoganda juu ya meno. Usipoondolewa kwa mswaki, ukoga hukomaa na kuwa ugaga, fizi huvimba na kutoka damu. Ugonjwa ukiendelea, ufizi huachana na jino na kuacha kifuko kinachohifadhi bakteria, huku mfupa unaolishikilia jino ukiliwa taratibu, mara nyingi bila maumivu.

Matibabu hayaanzi na upasuaji. Daktari wa kinywa na meno hupima kwanza kina cha vifuko hivyo. Kwa kawaida ufizi wenye afya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Kinapozidi hapo, ugaga huondolewa hadi chini ya ufizi na mizizi husafishwa. Mgonjwa hupimwa tena baada ya wiki kadhaa, na wengi hupata nafuu kwa hatua hiyo pekee. Upasuaji hufikiriwa pale vifuko vinapobaki na kina kikubwa, hususan milimita 6 au zaidi, kwa kuwa vifaa vya kawaida havifiki chini kabisa.

Upasuaji huo hufanyika kwa ganzi, na aina yake hutegemea tatizo. Ya kwanza ni kufunua ufizi ili daktari auone mzizi, ausafishe, kisha aurudishe ufizi na kuushona. Ya pili ni kupandikiza mfupa palipolika, wakati mwingine pamoja na utando maalumu unaozuia ufizi kujaza nafasi hiyo kabla mfupa haujaota. Ya tatu ni kupandikiza ufizi, ambapo nyama laini, aghalabu kutoka kwenye kaakaa, hufunika mzizi uliobaki wazi. Ya nne ni kupunguza ufizi uliokua kupita kiasi, hali inayoweza kusababishwa na baadhi ya dawa za kifafa na za shinikizo la damu, kama fenitoini na nifedipini. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa hizo bila ushauri wa daktari.

Kabla ya upasuaji, mgonjwa anapaswa kumweleza daktari iwapo ana kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kisukari kisichodhibitiwa na uvutaji wa sigara huchelewesha kupona na kupunguza mafanikio ya tiba.

Ikumbukwe kuwa upasuaji si mwisho wa matibabu. Fizi zinaweza kusinyaa kidogo na meno kuhisi baridi kwa muda. Asiyepiga mswaki ipasavyo na kuhudhuria kliniki kila baada ya miezi michache anaweza kurudiwa na ugonjwa. Aidha, si kila jino huokoka. Lililopoteza sehemu kubwa ya mfupa huenda likalazimika kung'olewa.

Hivyo, wananchi wanashauriwa kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, kusafisha katikati ya meno, na kutopuuza damu inayotoka wakati wa kupiga mswaki. Dalili hiyo ndogo hujitokeza mapema, wakati ambapo matibabu ni mepesi na upasuaji bado unaweza kuepukika.