Kuangaza, Kutia Dhahabu au Kunakshi? Mfano wa Vitabu vya Sala vya Wafalme

Wanafunzi wa tafsiri wanapokutana na habari za vitabu vya sala vilivyotengenezewa wafalme wa Ulaya katika Zama za Kati, wengi huandika "vitabu vilivyoangazwa". Hawakukosea asili ya neno, kwani jina la kazi hii katika lugha kadhaa za Ulaya limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutia nuru. Lakini msomaji wa Kiswahili ataelewa nini? Huenda akadhani kitabu kilimulikwa kwa taa. Katika makala haya mafupi tunaeleza jinsi vitabu hivyo vilivyotengenezwa, kisha tunapendekeza istilahi inayofaa.

Kwanza, havikuwa vya karatasi. Ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi ililowekwa katika maji ya chokaa, ikawambwa kwenye fremu na kuparwa kwa kisu mpaka ikawa nyembamba na nyeupe. Kurasa zilipigwa mistari, na mnakili akaandika sala kwa kalamu ya unyoya huku akiacha nafasi za picha. Ndipo ilipofika zamu ya mchoraji. Baada ya kuchora mistari, alibandika dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, akaisugua kwa jino la mnyama au jiwe laini hadi ikang'aa. Rangi zilifuata baadaye, kwa sababu kusugua huko kungeziharibu. Buluu ya thamani ilitokana na jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan.

Je, basi tuseme "vitabu vilivyotiwa dhahabu"? Hapa mfano mmoja unatuonya. Kati ya mwaka 1324 na 1328, Jean Pucelle alimpambia Malkia Jeanne d'Evreux wa Ufaransa kitabu cha sala za vipindi vya siku. Kina karatasi za ngozi 209, na urefu wake unazidi kidogo tu sentimita 9, hivyo kilienea kiganjani. Ndani yake mna picha za maisha ya Mtakatifu Louis, yaani Mfalme Louis wa 9, baba wa babu yake malkia. Pambizoni wamo wanamuziki, ombaomba, nyani na sungura. Hata hivyo, watu katika picha hizo wamechorwa zaidi kwa rangi ya majivu, wala si dhahabu inayotawala. Malkia alipofariki mwaka 1371 alikirithisha kwa Mfalme Charles wa 5, na leo kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Kwa hiyo, "kuangaza" kunapotosha, na "kutia dhahabu" kunataja malighafi moja tu. Sisi tunapendekeza "kunakshi". Neno hili tunalo katika milango ya pwani, na waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili misahafu na kuzipamba kurasa zake kwa nakshi za rangi. Upungufu wake ni kwamba nakshi hutukumbusha maua na mistari kuliko sura za watu. Panapohitajika, mfasiri aongeze: "vitabu vilivyonakshiwa na kutiwa picha".

Tunawasihi wanafunzi wetu wasiishie kwenye kamusi. Kabla ya kukipa kitu jina, waulize kwanza kilitengenezwaje.